Kila Mkunjo na Sababu Yake

Mhadhara kuhusu kompyuta na upitishaji wa mabomba katika michoro ya mitambo



Kahawa ya unga ya TANICA mjini Bukoba, sukari ya Kagera Sugar kule Missenyi, na maji ya mserereko yanayoteremka kwenye vijiji vya Muleba, vyote vilianza kuwa mistari kwenye karatasi kabla ya kuwa chuma, saruji na plastiki. Katika michoro hiyo mstari mmoja ni bomba moja, na mtu fulani aliamua mstari huo uanzie wapi, upinde wapi na uishie wapi. Kwa vizazi kadhaa uamuzi huo ulifanywa na mchoraji mwenye rula na penseli. Siku hizi kompyuta inaufanya yenyewe: mchoraji anaonyesha tanki hili na pampu ile, na programu inatafuta njia kati ya viwili hivyo kwa muda mfupi kuliko wa kunoa penseli. Wengi wanaousifu uwezo huu wanasifu kasi yake. Mimi nataka kutetea jambo jingine. Faida kubwa ya kuiachia kompyuta ipitishe mabomba ni kwamba inatulazimisha kuandika kwa nini bomba lipite hapa na lisipite pale. Tukiziandika sababu hizo, tunapata msaidizi asiyechoka wala kusahau. Tukizinyamazia, tunapata mchoro safi wa mtambo mbovu.

Tuanze na mchoro wenyewe, kwa sababu watu wengi hawajapata kuuona. Mchoro wa mabomba na vifaa vya kupimia hauonyeshi umbali. Tanki lenye kimo cha mita 10 laweza kuchorwa sawa na pampu inayobebwa na watu wawili. Unachoonyesha ni muungano: kifaa gani kimeungwa na kipi, kwa bomba la kipenyo gani na chuma cha aina gani, limevikwa kizuia joto au halikuvikwa, na mita imekaa kabla ya valvu au baada yake. Kila bomba lina namba, na alama zinafuata viwango vya kimataifa kama ISO 10628 na ISA 5.1, ili fundi wa Bukoba ausome bila taabu mchoro uliochorwa Mumbai. Katika programu za mwanzo za kuchorea, mstari ulikuwa wino tu. Ukiihamisha pampu, mistari yake inabaki ikining'inia, na mchoraji anaifuta na kuichora upya mmoja mmoja. Katika programu za sasa mstari unajua umetoka kwenye mdomo upi wa tanki na unakwenda wapi. Pampu ikihama, bomba linaifuata. Valvu ikichomekwa katikati, bomba linakatika na kuungana nayo pande zote mbili. Mistari miwili ikipishana bila kuungana, mmoja unarukishwa juu ya mwenzake ili msomaji asidanganyike. Mchoro uliosahihishwa sehemu moja na kusahaulika sehemu nyingine ni hatari kwa atakayeufuata, na hapa kompyuta inatuondolea hatari ya kweli.

Njia yenyewe inapatikanaje? Mwaka 1959 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha makala fupi iliyoeleza namna ya kupata njia fupi kuliko zote katika mtandao wa barabara. Swali lake la mfano lilikuwa safari ya kutoka Rotterdam hadi Groningen. Mwaka 1961 C. Y. Lee wa Bell Labs, Marekani, aliuliza swali lililo karibu zaidi na letu: je, kompyuta inaweza kuunganisha njia katika michoro na nyaya bila mtu kuiongoza? Jibu lake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kulifanya kwenye daftari la hesabu. Gawa ukurasa katika miraba. Weka alama kwenye miraba iliyozibwa na matanki na mashine. Kuanzia mraba wa mwanzo, andika 1 katika kila jirani aliye wazi, kisha 2 katika majirani wa hao, kisha 3, namba zikisambaa kama maji yanavyosambaa kwenye uwanja uliosawazishwa na kuzunguka kila kizuizi, hadi zifike mraba wa mwisho. Kisha rudi nyuma ukifuata namba zinazopungua. Hiyo ndiyo njia. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa Stanford Research Institute wakaongeza makisio ya umbali uliobaki, ili kompyuta isipoteze muda kutafuta upande usiofaa. Programu nyingi zinazopitisha mabomba leo zimejengwa juu ya kazi hizo.

Uzuri wa algorithimu hizi, yaani taratibu za hatua kwa hatua, ni kwamba hazibahatishi. Kama njia ipo, utaratibu wa Lee utaipata, na hakuna itakayokuwa fupi kuliko hiyo. Lakini tuangalie kwa makini neno hilo “fupi” linapimwa kwa nini. Programu haipimi mita. Inajumlisha bei ambazo mtu ameipa. Tuseme kila mraba unagharimu 1, kila mkunjo 5, na kila kupishana na bomba jingine 20. Njia ya kwanza ina miraba 30 na mikunjo 2: jumla ni 40. Njia ya pili ina miraba 24, mikunjo 2, na inapishana na bomba jingine mara 1: jumla ni 54. Kompyuta itachagua ya kwanza. Sasa punguza bei ya kupishana kutoka 20 hadi 3. Njia ya pili inakuwa 37, na kompyuta inabadili uamuzi papo hapo. Kiwandani hakuna kilichobadilika: matanki ni yale yale, pampu ni zile zile, hesabu ni sahihi mara zote mbili. Imebadilika namba moja, ambayo huenda iliwekwa na mtunzi wa programu katika nchi ya mbali, naye hakujua kama mabomba yatakayochorwa yatabeba maji, mvuke au asidi. Uamuzi uliokuwa mkononi mwa mchoraji umehamia kwenye orodha ya bei, na watumiaji wengi hawajawahi kuifungua orodha hiyo.

Ugumu unaongezeka mabomba yanapokuwa mengi. Bomba la kwanza kupitishwa linachukua nafasi nzuri, na la pili linalizunguka. Ukianza na la pili, matokeo yanageuka. Bomba kuu likiwa na matawi mengi, kutafuta mpangilio wenye urefu mdogo kabisa kwa mistari ya wima na mlalo ni tatizo ambalo Michael Garey na David Johnson walithibitisha mwaka 1977 kuwa miongoni mwa yale ambayo hakuna utaratibu wa haraka unaojulikana wa kuyatatua kikamilifu. Kwa hiyo programu inapotuletea mchoro wenye mabomba 200, haituletei mchoro bora kuliko yote. Inatuletea mmoja mzuri kati ya mingi, kwa mfuatano fulani na kwa bei fulani. Kujua jambo hilo ni sharti la kwanza la kuutumia mchoro huo kwa akili.

Sasa tutoke kwenye karatasi tuone sababu ambazo orodha ya bei haina budi kuzibeba. Tuchukue maji ya mserereko katika nchi yetu ya vilima vya Ihangiro, wilayani Muleba. Chanzo kiko kwenye kilima kimoja, tanki la kijiji liko kwenye kilima cha pili kilicho chini kidogo, na katikati kuna bonde. Kwa mita za bomba, njia ya bei nafuu ni mstari mnyoofu wa kuvuka bonde. Lakini kila mita 10 za kuteremka zinaongeza presha ya takriban baa 1. Kama sakafu ya bonde iko mita 120 chini ya chanzo, usiku koki zote zikiwa zimefungwa bomba la bondeni linabeba takriban baa 12, na bomba la plastiki la daraja la baa 10 halikutengenezwa kwa mzigo huo. Mhandisi ana njia tatu: kuweka bomba zito zaidi bondeni, kuzunguka kwa kufuata mgongo wa kilima, au kujenga tanki la kukata presha mahali ambapo maji bado yatakuwa na kimo cha kupanda upande wa pili. Mahali pa juu hewa itajikusanya na kuziba, kwa hiyo inahitajika valvu ya kutoa hewa. Mahali pa chini mchanga utatuama, kwa hiyo inahitajika valvu ya kuosha. Programu ya EPANET, iliyotolewa bure na wakala wa mazingira wa Marekani tangu mwaka 1993, inaweza kukokotoa presha hizo zote. Lakini lazima iambiwe vimo vya ardhi, kwani ramani isiyo na vimo inaliona bonde kuwa uwanda.

Ndani ya kiwanda sababu ni nyingi zaidi. Kahawa ya unga hutengenezwa kwa kukaanga buni, kuisaga, kuikamua kwa maji moto yenye presha, kupunguza maji, kisha kuikausha. Na kiwanda cha sukari kinaendeshwa na mvuke wa boila zinazochoma makapi ya miwa. Bomba la mvuke likilazwa bila mteremko, maji yanayotokana na mvuke uliopoa yanatuama, na mvuke unaokuja kwa kasi unayasukuma hadi yapige kona kwa nguvu ya kuvunja chuma. Ndiyo maana ni desturi kulipatia bomba hilo mteremko wa mita 1 hivi kwa kila mita 100 na kuliwekea mitego ya kutoa maji. Zaidi ya hayo, chuma kinarefuka kikipata joto. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 100, likipanda kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 175, linarefuka kwa sentimita 18 hivi. Likiwa limenyooka na kufungwa ncha zote mbili, litajipinda au litang'oa kile lilichofungiwa. Kwa hiyo mhandisi anaongeza mikunjo minne kwa makusudi, bomba litoke nje ya mstari na kurudi, lipate nafasi ya kupumua. Programu iliyofundishwa kwamba mkunjo ni gharama itauona mpindo huo kuwa upotevu na kuunyoosha, maana haikupewa sababu yake.

Bomba la kufyonza la pampu linadai kinyume: liwe fupi na lisiwe na mikunjo mingi, la sivyo presha itashuka mno, maji yatatoa viputo vya mvuke ndani ya pampu, na viputo hivyo vitakapopasuka vitaila pampu kidogo kidogo. Mita ya kupima mtiririko nayo inataka kipande kirefu cha bomba lililonyooka mbele yake, kwa sababu maji yanayotoka kwenye kona yanazunguka na kuidanganya mita. Mambo matatu haya yanaweza kukaa katika kiwanda kimoja, hatua chache kutoka moja hadi jingine: mahali pamoja mkunjo ni adui, mahali pa pili mkunjo ni mkombozi, mahali pa tatu umbali mrefu ndio unaotakiwa. Hakuna bei moja ya mkunjo itakayofaa pote. Bei lazima iufuate wajibu wa bomba, na wajibu huo lazima uandikwe kwenye mchoro: “mteremko kuelekea tanki”, “lisiwe na mahali pa kutuama”, “kipande kilichonyooka kabla ya mita”. Wachoraji wazuri wamekuwa wakiandika maelezo hayo pembeni ya mstari tangu zama za penseli. Kwa kompyuta, maelezo hayo ndiyo amri zenyewe.

Historia inatuonyesha kinachotokea muungano unapokuwa sahihi na sababu zikakosekana. Tarehe 1 Juni 1974, huko Flixborough, Uingereza, kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Nypro kililipuka na kuua watu 28. Miezi michache kabla, tangi moja kati ya sita yaliyopangwa kwa mfululizo lilipata ufa na kuondolewa. Ili uzalishaji usisimame, tangi la nne liliungwa na la sita kwa bomba la inchi 20. Matangi hayo hayakuwa na kimo kimoja, kwa hiyo bomba lilipewa mikunjo ya kushuka ngazi, na kila mwisho wake uliungwa kwa kiungo laini chenye mikunjo kama ya kinanda. Mchoro pekee uliofanywa ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyekokotoa kwamba presha ndani ya bomba lenye umbo hilo ingelisukuma lizunguke na kuvishinda viungo vyake. Katika mchoro wa muungano kazi ile haikuwa na kosa: la nne limeungwa na la sita, kimiminika kinapita. Algorithimu ya Lee nayo ingeridhika. Nguvu zilizokuwa ndani ya mikunjo ndizo hazikuandikwa popote, na watu 28 walikufa kwa jambo ambalo hakuna aliyelazimika kuliandika.

Wala tusidhani kwamba kufikiri kuhusu njia ya bomba ni elimu iliyoletwa kwetu na meli. Wahaya waliyeyusha chuma katika nchi hii kwa karne nyingi, na matanuri yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia karibu na Ghuba ya Kemondo ni miongoni mwa ushahidi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science hoja iliyoshtua wengi: kwamba mirija ya udongo iliyopeleka upepo wa mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ikapata moto njiani kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda zaidi ya lilivyotarajiwa. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo na mjadala ukachukua miaka mingi. Tazameni walichobishania: mrija uliingia kiasi gani, na hewa ilipata joto kiasi gani katika njia hiyo. Ukichora tanuri hilo kwa muungano tu, utachora mvukuto, mstari na tanuri, na siri yote ya mfua chuma itakuwa imepotea. Njia ya mrija ilikuwa sehemu ya ufundi, na kwa kuwa haikuandikwa, wajukuu wa mafundi hao na wageni wao wanalazimika kuichimba ardhini.

Mfano mkubwa zaidi unapita katika wilaya yetu ya Muleba. Bomba la mafuta ghafi kutoka Kabaale, Hoima nchini Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mkoani Kagera linapita Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo. Kabla ya mwaka 2016 njia za kupitia Kenya zilikuwa mezani; mwaka huo Uganda ikaichagua Tanga. Mwanzo ulikuwa ule ule na bahari ile ile; kilichotofautisha ni uzito uliopewa usalama, bandari, ardhi na fedha. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba la inchi 24 limevikwa kizuia joto na kusanifiwa libaki na zaidi ya nyuzi 50, jambo linaloipa kila kilomita ya ziada gharama ya joto juu ya gharama ya chuma. Na linapofika kwenye kibanja cha Mhaya, linakuta migomba, mibuni na makaburi ya wazee. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaeleza namna ya kuhamisha kaburi, lakini hakuna sheria inayoiambia kompyuta kaburi ni sawa na miraba mingapi ya kuzunguka. Namba hiyo anaiweka mtu. Mwenye kibanja ana haki ya kujua iliwekwa ngapi na kwa hoja gani, na haki hiyo haiwezekani kama hoja haikuandikwa.

Hapa ndipo naiona zawadi ya kompyuta. Mchoraji hodari wa zamani alipitisha bomba vizuri, lakini sababu zake zilibaki kichwani, na alipostaafu aliondoka nazo. Kijana aliyerithi meza yake aliona mkunjo asijue kama ni wa hekima au wa kukosa nafasi. Akauacha kwa woga au akauondoa kwa ujasiri, na hali zote mbili zilikuwa kamari. Kompyuta haikubali ukimya wa namna hiyo. Ukitaka mpindo wa kupumua ubaki, lazima uiambie kwamba bomba hili ni la mvuke na litarefuka. Ukiiambia, sheria hiyo inakaa kwenye faili, inasomwa na kila anayefungua mchoro, inaweza kupingwa, kusahihishwa na kutumika tena katika kiwanda kingine. Elimu ambayo ilihitaji miaka ya kukaa kando ya bingwa inapata mahali pa kuhifadhiwa ambapo kijana wa chuo cha ufundi cha VETA anaweza kuifikia.

Kuna watakaosema: mchoro huu hauna vipimo, basi mstari upite popote, mradi muungano ni sahihi. Ni kweli kwamba kwenye karatasi kona ya mstari si lazima iwe kona ya bomba. Lakini hoja hii inasahau kwamba mchoro unasomwa na macho yaliyochoka, pengine usiku, pengine wakati king'ora kinalia. Mistari inayofuata mtiririko kutoka kushoto kwenda kulia na kupishana mara chache inamwezesha mwendeshaji kuiona valvu ya kufunga kwa haraka. Zaidi ya hapo, mchoro huo ndio unaokabidhiwa programu ya vipimo vitatu, itakayolaza bomba halisi kati ya nguzo na mihimili. Mteremko usipotajwa kwenye mchoro wa kwanza, hakuna atakayeukumbuka kwenye wa pili.

Wengine watasema kwamba uzoefu hauandikiki: fundi anahisi kwamba hapa pamebana, kwamba spana haitaingia, kwamba mvua za masika zitaleta udongo. Nakubali kwamba yapo mambo ambayo mkono unayajua kabla ya ulimi. Lakini mengi tunayoyaita hisia ni sababu ambazo hakuna aliyewahi kumwuliza fundi. Mwulize kwa nini hapendi valvu ile iwe juu ya kichwa, atakujibu kwamba maji moto yatamwagikia uso wa anayeifungua. Hiyo inaandikika: valvu za maji moto zikae chini ya kimo cha kifua. Mwulize kwa nini anataka viungo vinavyonyumbulika ukutani, atakukumbusha tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Hilo nalo linaandikika. Kitakachobaki bila kuandikika ni kidogo, na kwa hicho kidogo programu nzuri inamruhusu mtu kulifunga bomba mahali alipoliweka ili kompyuta isiliguse. Kinachotakiwa ni kwamba anapolifunga, aandike kwa nini.

Hoja ya tatu ni ya umaskini: haya ni mambo ya makampuni makubwa, sisi tunachora kwa mkono na programu ni ghali. Zipo za ghali, na pia zipo za huria. LibreOffice Draw inaunganisha maumbo kwa mistari inayopinda kwa pembe mraba na kufuata kifaa kinapohamishwa. FreeCAD inasanifu kwa vipimo vitatu. EPANET nimekwisha kuitaja. Hata asiye na kompyuta anaweza kuanza na jambo lililo muhimu kuliko programu, yaani kuandika orodha ya bei zake. Kamati ya maji ya kijiji ikiandika kwamba bomba lisipite chini ya barabara isipokuwa ndani ya bomba kubwa zaidi, lisivuke makaburi, na lisizidi presha ya daraja lake, imekwisha kufanya nusu ya kazi ya usanifu. Na mradi mdogo una haja kubwa zaidi ya maandishi hayo, kwa sababu fundi wake ni mmoja, na akihama hakuna idara ya kuulizwa.

Hoja ya nne inahusu ajira, na haistahili kupuuzwa. Kazi ya kuchora mistari itapungua, na anayejua hiyo tu ataumia. Lakini kompyuta haina mhuri. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, mtu anayeijibia kazi ya uhandisi nchini mwetu ni mhandisi aliyesajiliwa, na hakuna baraza litakalokubali utetezi kwamba programu ndiyo iliyochagua njia. Mtu huyo anahitaji wasaidizi wanaojua mvuke, presha, udongo na macho ya mwendeshaji, wanaoweza kuupokea mchoro wa kompyuta na kuuliza: bomba hili limenyooka kwa nini, na lile limepinda kwa nini? Mafunzo yetu yanapaswa kuelekea huko. Anayefundishwa kubonyeza kitufe peke yake atapitwa na toleo lijalo la programu. Anayefundishwa sababu za bomba atafaa katika kila toleo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu wa ufundi, kila mnapompa mwanafunzi mchoro, mdaini pamoja nao orodha ya sababu, na mpeni alama kwa orodha kama mnavyompa kwa mistari. Wahandisi wa viwanda na wa maji, fungueni orodha ya bei ya programu mnayoitumia, ibadilisheni ilingane na kazi yenu, na iambatisheni kwenye mchoro mnaokabidhi, ili atakayekuja baada yenu asome nia yenu pamoja na mabomba yenu. Nanyi wananchi ambao mabomba yanapita katika ardhi yenu, mnapoonyeshwa ramani msiulize tu bomba linapita wapi. Ulizeni njia nyingine zilikuwa zipi, na kipi kilihesabiwa kuwa ghali na kipi kuwa rahisi. Mhandisi aliyeandika sababu zake atalijibu swali hilo hadharani bila shida. Asiyeweza kulijibu hajamaliza usanifu wake, hata kama kompyuta imekwisha kuchora mstari wa mwisho.